Nani Hutawala Dembo? Udongo, Maji na Matete katika Mabonde ya Kolwezi

Mhadhara kwa wakazi wa Kasulo



Historia ya mtaa huu mnaijua kuliko mimi. Mwaka 2014 mkazi mmoja alichimba katika parseli yake akakuta mawe meusi yenye kobalti. Habari za namna hiyo hazikai siri. Haukupita muda, sakafu za vyumba zikafunguliwa, mashimo yakashuka chini ya vitanda na majiko, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa na kuzungushiwa ukuta. Kuhusu fidia, bei ya mawe na wanunuzi, wengi wameshasema na wengi wataendelea kusema. Leo nataka kuuliza jambo moja ambalo halikuulizwa sana: udongo uliotolewa kwenye mashimo hayo ulikwenda wapi?

Ulikwenda bondeni. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza, kila lundo lililoachwa nje ya shimo hushuka kidogo kidogo kwenye mifereji ya barabara, kutoka mifereji huingia vijito, na vijito huishia kwenye madembo: yale mabonde mapana, yasiyo na miti, ambako maji hukaa miezi na ambako mama zetu hulima lengalenga na matembele wakati wa kiangazi. Na bonde likipokea tope la namna hiyo mwaka baada ya mwaka, nyasi fupi za aina nyingi hupungua, matete yakachukua nafasi yao. Ndipo watu husema bonde limevamiwa.

Mimi sina ugomvi na neno hilo, ila nataka tumtafute mvamizi mahali pake. Matete ya kwetu, ambayo wataalamu wa mimea huyaita Phragmites mauritianus, ni wenyeji wa Afrika. Hayakuletwa na meli wala na lori. Yalikuwepo kando ya mito hii kabla ya reli na kabla ya kampuni. Kilichobadilika ni muda ambao maji hukaa juu ya udongo, na aina ya udongo ambao maji hayo yanaukuta. Hivyo viwili ndivyo vinavyoamua nani atatawala dembo. Kwa Kolwezi tumevigusa vyote viwili kwa pamoja.

Mwenyeji anaweza kuwa mvamizi, na mfano ulio wazi uko mbali kidogo, katika delta ya mto Senegal. Mwaka 1986 bwawa la Diama lilikamilika karibu na Saint-Louis. Zamani, wakati wa kiangazi, maji ya bahari yalikuwa yakipanda mtoni mamia ya kilomita. Mto ulijaa na kupungua, chumvi iliingia na kutoka, na hakuna mmea mmoja ulioweza kustarehe. Bwawa likazuia chumvi na kuyasawazisha maji. Mmea wa Typha, ambao ulikuwepo pale siku zote kwa kiasi, ukapata maji baridi ya kina kisichobadilika, ukafunga mifereji, ukameza maegesho ya mitumbwi na vituo vya wavuvi. Konokono wa kichocho wakapata pa kuishi, na katika mji wa Richard-Toll ugonjwa ukalipuka ndani ya miaka michache. Hakuna mbegu ngeni iliyopandwa. Kilichofanyika ni kusimamisha maji.

Jirani zetu wa Zambia wameona jambo la jamaa hiyo. Mto Kafue, unaoanzia karibu na mpaka wetu, ulifungwa kwa mabwawa mawili katika miaka ya 1970, kule Kafue Gorge na Itezhi-Tezhi. Mafuriko ya mbuga zake yakapoteza majira yake ya kale, na kichaka chenye miiba kutoka Amerika, Mimosa pigra, kikaenea mahali ambapo swala wa majini walikuwa wakilisha. Huyo ni mgeni kweli. Lakini hata mgeni alisubiri maji yafungwe kabla hajapata nafasi.

Sasa tuangalie tete lenyewe, maana ni mmea wenye akili yake.

Tete lina mashina mawili. Moja mnaliona, lile refu linalozidi kimo cha mtu mara mbili na kutengenezewa ua na mikeka. La pili limelala chini ya ardhi, nene, jeupe, lenye vifundo, na hapo ndipo chakula huwekwa. Ukikata la juu hujamwua, umemnyoa. Na yote mawili yana uwazi ndani. Udongo uliozama hauna hewa, na mizizi ya mimea mingi hufa humo kwa kukosa oksijeni, lakini tete huvuta hewa kutoka majani yake, ikashuka ndani ya shina mpaka kwenye mizizi, na hewa iliyotumika ikatokea kwenye mashina makuukuu yaliyovunjika. Shina lililokauka, ambalo sisi tunalihesabu kuwa takataka, ni mrija wa kupumulia wa kundi zima. Shikeni hilo, tutalirudia mwishoni.

Nguvu hiyo ina udhaifu wake utotoni. Mbegu ya tete ni ndogo mno, na haioti ndani ya maji. Haioti pia chini ya nyasi zilizofungana, kwa sababu inataka mwanga. Inataka tope tupu, lenye unyevu, lililo wazi juani, kwa wiki kadhaa mfululizo. Mche ukizama mapema hufa. Ukivuka utoto na kutandaza mashina yake ya ardhini, unavumilia maji ya zaidi ya mita moja, na unavumilia pia kiangazi ambacho kinapasua ardhi, kwa sababu mizizi imeshafika chini kwenye unyevu. Kwa hiyo maji yanayopanda na kushuka humfaa katika umri wake wote: yakishuka humpa kitanda cha mbegu, yakipanda huwazamisha washindani wake.

Dembo lenye afya haliachi tope tupu. Limevikwa nyasi na ndago zilizobanana, na mbegu za matete huanguka juu yake kila mwaka bila kupata pa kushika. Lakini mvua moja kubwa ikimwaga juu yake tabaka la udongo mpya wa unene wa vidole vitatu, nyasi zile fupi zimezikwa, na kitanda cha tete kimetandikwa.

Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, Suzanne Kercher na Joy Zedler walilijaribu jambo hili kwa makusudi. Walipanda mimea ya kinamasi katika matangi, wakaingiza nyasi vamizi iitwayo Phalaris arundinacea, kisha matangi mengine wakayafurika maji, mengine wakayaongezea mbolea, mengine wakayamwagia mashapo, na mengine wakayapa vyote. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Kila usumbufu peke yake uliisaidia nyasi ile, lakini ulipoungana na mwingine, uvamizi ulikwenda mbio zaidi. Nimeutaja utafiti huu kuliko nyingine kwa sababu unafanana sana na hali yetu: mashapo yanatoka kwenye mashimo, mbolea inatoka kwenye vyoo na maji machafu ya nyumba zilizosongamana, na maji yanabadilishwa na kila anayepiga pampu au kuziba kijito.

Nije kwenye udongo. Kolwezi tuna bahati ya kuwa na aina kadhaa ndani ya mwendo mfupi.

Juu ya uwanda wa Manika kuna kichanga cha jamii ya mchanga wa Kalahari. Wageni hushangaa kukuta mahali palipo juu hivyo, na penye mvua nyingi hivyo, hakuna msitu. Sababu ni kwamba mchanga ule ni maskini wa rutuba, na majira ya mvua maji hujaa karibu na uso wa ardhi, kisha kiangazi hukauka kabisa. Mimea ya pale imejifunza kujificha: kuna miti ambayo karibu mwili wake wote uko ardhini, na kinachotokea juu ni matawi ya kimo cha goti. Tete halishindi hapo. Maji yapo kwa miezi, lakini hakuna chakula, na unyevu hauendelei mpaka mvua nyingine. Ukimwaga mbolea ya kutosha mambo yangegeuka, kwa hiyo msiseme mchanga ni kinga ya milele.

Katikati ya dembo hali ni nyingine. Kuna mfinyanzi mweusi, wenye mboji, unaoshika maji na kuyaachilia polepole. Tete likiingia hapo hunenepa. Bahati nzuri hapo ndipo nyasi za asili nazo zina nguvu zaidi, kwa hiyo kuingia kwenyewe ni kugumu, mpaka mtu alime, achome kila mwaka, au atoboe mfereji.

Pembeni ya dembo, kati ya mchanga wa mlimani na mfinyanzi wa katikati, kuna ukanda ambao maji huutembelea na kuondoka. Chimbeni shimo la kina cha mkono hapo, mkwangue ukuta wake kwa kisu. Mtaona udongo wa kijivu wenye madoa mekundu kama kutu. Ni kutu kweli. Pale maji yakaapo muda wote, chuma kimepoteza rangi na udongo ni kijivu au wa kibuluu. Pale maji yanapopanda na kushuka, hewa huingia mara kwa mara na chuma hushika kutu katika njia za mizizi. Doa jekundu la juu kabisa linawaonyesha maji hufika wapi katika mwaka wa kawaida. Huhitaji chombo cha maabara, kisu kinatosha. Mkiona madoa yale yako juu kabisa, lakini mwaka huu na mwaka jana maji hayakufika hapo, basi kuna mtu anayakausha. Na mkiona udongo mwekundu mtupu umelala juu ya udongo wa kijivu, hapo mlima umehamia bondeni.

Udongo wa nne ni huo uliohamia, nao una siri ambayo Kasulo imejengwa juu yake.

Kwa nini kobalti ilikutwa karibu hivyo na uso wa ardhi, chini ya sakafu za watu? Kwa sababu ya maji yaliyopanda na kushuka. Katika mamilioni ya miaka, mvua iliingia kwenye miamba hii, maji ya ardhini yakashuka na kupanda, na hewa ikaingia pamoja nayo. Shaba iliyeyuka kwa urahisi zaidi ikateremka chini. Kobalti ikashika oksijeni, ikawa yale madini meusi ya heterojeniti, ikabaki juu kama kofia. Waliochimba kwa sururu katika parseli zao walikuwa wanavuna kazi ya maji ya kale.

Sasa chukueni udongo huo, uliokaa penye hewa muda wote huo, mkautupe ndani ya dembo lisilo na hewa. Vijidudu vya udongo vikikosa oksijeni hutafuta kitu kingine cha kupumulia, na hufuata utaratibu: kwanza naitreti, kisha manganizi, kisha chuma, mwishowe salfeti. Kobalti hupenda kushikamana na manganizi. Manganizi ikiyeyuka, kobalti hulegea na kuingia majini. Shaba ina tabia tofauti. Hushikwa sana na mboji, na penye salfaidi hufungwa imara. Kwa hiyo dembo lililojaa linaweza kuituliza shaba na wakati huohuo kuiachia kobalti. Likikauka, mambo yanageuka tena. Dembo ambalo maji yake yanapandishwa na kushushwa ovyo ndilo ninaloliogopa kuliko lile lililojaa mwaka mzima au lililo kavu mwaka mzima.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wakiwamo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha matokeo ya vipimo vilivyofanywa hapahapa Kasulo. Walikuta kobalti nyingi katika vumbi la nyumba na katika mkojo wa wakazi, na watoto ndio waliobeba mzigo mkubwa zaidi. Vumbi lile la kiangazi na tope hili la masika ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba moja linabebwa na upepo na jingine na maji.

Tete hufanya nini katika tope la namna hiyo? Huvumilia. Hewa inayoshushwa mizizini humwagika kidogo kwenye udongo unaoizunguka, chuma kikashika kutu juu ya mizizi, na kutu hiyo hunasa sehemu ya metali kabla hazijaingia. Ng'oeni tete moja mkaoshe mizizi yake, mtaona ganda la rangi ya machungwa. Zile metali zinazopita huishia zaidi kwenye mizizi na mashina ya ardhini. Majani hupata kidogo kwa kulinganisha. Nyasi nyingine ambazo hazina ulinzi huo hushindwa, na tete hubaki peke yake mezani.

Katanga haina uhaba wa mimea inayovumilia metali. Paul Duvigneaud wa Brussels aliandika mwaka 1958 juu ya mimea ya milima yetu ya shaba, na baada yake François Malaisse alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuiorodhesha. Ua la shaba, Haumaniastrum katangense, limewasaidia hata wachunguzi wa mambo ya kale, kwa sababu huota mahali ambapo wahunzi wa zamani waliyeyusha shaba na kuacha udongo wenye sumu. Lakini mingi ya mimea hii ni ya mlimani, kwenye ukavu. Ukiishusha dembo itazama. Kati ya sumu na maji, inayoweza vyote viwili ni michache mno, na tete ni mmoja wao. Hiyo ndiyo sababu ya wingi wake, na pia ndiyo sababu siwashauri mkimbilie kulimaliza.

Kwani likiondoka, nini kitabaki? Mashina yake ya ardhini yameshika tope lile lisiende mtoni. Kuling'oa kwa jembe ni kulifungua tope, na kila kipande chenye kifundo kilichokatika kitaota upya mbele zaidi. Kuchoma nako kunaonekana kama kazi safi, lakini moto hauingii kwenye udongo wenye maji. Majivu yanalirutubisha, na chipukizi zinarudi zikiwa na mwanga wote kwao. Kinachoungua kweli ni nyasi ndogondogo zilizokuwa zimebaki pembezoni.

Mtu ataniuliza: basi tuishi nayo? Jibu linategemea mnataka nini kwa bonde lile. Dembo linalopokea maji ya mashimo na ya mitambo, ningeliachia matete bila kusita, na ningewakataza watu kulima mboga humo, hata kama jirani analima na bukari yake inashuka vizuri. Hapo matete yanafanya kazi ya chujio. Mashina yakatwe kwa ua na mikeka, mizizi iachwe. Dembo ambalo bado ni safi, lile la juu ya mitaa, ndilo la kulipigania, na huko vita haviendi kwa panga peke yake.

Penga Penga, pale Lubumbashi, inatufundisha subira. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na moshi wake uliua miombo upande ule wa mji na kuacha ardhi uchi. Watafiti wa Lubumbashi walipotaka kuivisha upya, walichagua nyasi ya kienyeji iliyozoea shaba, Microchloa altera, wakatia chokaa na mboji ili metali zishikwe. Walianza na udongo, mmea ukafuata. Katika bonde lenye maji utaratibu ni huohuo, ila kabla ya udongo kuna hatua moja zaidi: kulizuia tope kule linakotoka. Vizuizi vya mawe kwenye mifereji, mistari ya nyasi ya vetiva kukata mteremko kama inavyopandwa Kinshasa kwenye makorongo, na lundo la kila shimo kufunikwa au kurudishwa shimoni kabla ya mvua.

Liko jambo kubwa kuliko uwezo wa mtaa mmoja, nalo lazima niliseme. Mabaki ya kiwanda yaliyorundikwa kwa miongo mingi huko Kingamyambo na katika bonde la Musonoi sasa yanachimbuliwa upya na kampuni ya Metalkol ili kobalti na shaba zilizosahaulika zitolewe. Kuondoa mabaki yale ni jambo jema. Lakini tabaka likiondolewa, bonde linabaki tope tupu, lenye unyevu, lililo wazi juani. Mmeshajua ni mbegu ya nani inayosubiri kitanda hicho. Anayetoa kibali cha kuondoa mabaki ana haki ya kudai pia mpango wa siku inayofuata: bonde litawekewa mboji kiasi gani, litapandwa nini, na maji yake yatashikiliwa katika kimo gani wakati miche ya asili ni michanga. Mpango usiotaja kimo cha maji haujakamilika, hata ukiwa na kurasa mia.

Na kwa wale wenye dembo safi ambalo matete yameanza kuingia, fanyeni hivi. Mwezi wa kumi, kabla maji hayajapanda, kateni matete chini kabisa, pamoja na yale mashina makavu, kisha yaacheni maji yafunike visiki. Mrija umekatwa, hewa haishuki, mashina ya ardhini hudhoofika gizani. Rudieni mwaka unaofuata kwa yaliyobaki. Njia hii hufaulu tu mahali ambapo maji yanapanda juu ya visiki na kukaa. Yasipofika, kukata kutaleta chipukizi nyingi zaidi kuliko mwanzo. Hapo wekeni panga chini, mpande mteremko mkafuate tope mpaka kwenye lundo linakoanzia.